Andika Jaribio la Mbegu Mwenzako Aweze Kulifuata



Leo tuzungumze juu ya kuandika jaribio. Wengi wetu hupanda mahindi tuliyohifadhi wenyewe. Je, yataota? Mbegu zilizotobolewa na fukusi, au zilizopata unyevu ghalani, zinaweza kukupotezea mvua za kwanza. Basi tuzijaribu wiki mbili kabla ya kupanda.

Tuseme mtu ameandika hivi: "Chukua mbegu, weka kwenye kitambaa chenye maji, ngojea, kisha tazama." Haya, mbegu ngapi? Maji kiasi gani? Ungojee siku ngapi? Mmoja atazilowesha mpaka zioze. Mwingine atatazama siku ya pili na kusema zimekufa. Kumbe mbegu ni zilezile!

Sasa soma hivi:

"Changanya vizuri mbegu ulizoweka za kupanda. Hesabu 100 bila kuchagua. Lowesha kitambaa cha pamba, kisha kikamue mpaka kisichuruzike maji. Panga mbegu juu yake zisigusane. Kunja kitambaa. Kiweke ndani ya nyumba, mbali na jua na panya. Kila asubuhi na jioni kiguse. Kikianza kukauka, kinyunyizie maji. Siku ya 7 fungua. Hesabu zilizotoa mzizi na chipukizi. Andika tarehe, na idadi ya zilizoota."

Hapo penye "bila kuchagua" ndipo watu wanapojidanganya. Ukiokota zile nene tu, jibu halitakuambia habari za mbegu zilizobaki. Tena, fuata mpangilio wa kutenda. Usiandike "kunja kitambaa," halafu chini useme, "lakini kwanza panga mbegu." Msomaji amekwisha kunja!

Na lile neno "kidogo" liache. Kidogo cha kwako si cha jirani.

Zikiota 80, maana yake katika kila mbegu 5 zitaota kama 4 hivi, kwa hiyo ongeza mbegu shimoni. Zikiota 50 tu, tafuta mbegu nyingine kungali mapema. Zile za jaribio usizile kama zilitiwa dawa ya wadudu.

Ukimaliza kuandika, mpe jirani karatasi afanye jaribio mwenyewe. Wewe kaa kimya, usimsaidie hata kwa ishara. Akisita au akiuliza, weka alama mahali hapo kwa kalamu, maana hapo ndipo pa kuandika upya.