Maziwa Hayasubiri Umeme

Ndugu msikilizaji, juma hili tuzungumze juu ya vyombo vya umeme. Sisemi magari ya wenye fedha zao. Nasema vile vinavyoweza kubeba maziwa ya wakulima wa Rungwe, maana tangu pikipiki na bajaji za betri zilipoingia nchini, wapo wanaouliza kama zingefaa huko.

Jambo hili si geni. Nchini Uingereza magari ya betri yaligawa maziwa majumbani kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1960 nchi hiyo ilikuwa na magari ya betri mengi kuliko nchi nyingine yoyote, na mengi kati ya hayo yalikuwa ya maziwa. Yalikwenda polepole, kiasi cha kilomita 24 kwa saa, na betri zake za risasi zilikuwa nzito ajabu. Lakini kazi waliiweza. Mgawa maziwa husimama kila mlango, na injini ya petroli hula mafuta hata ikiwa imesimama. Mota ya umeme haili kitu. Tena hayakuwaamsha watu alfajiri.

Sasa tuje Tukuyu. Kule gari liliondoka limejaa, likarudi na chupa tupu. Rungwe mambo ni kinyume. Maziwa hutoka kwa mkulima mwenye ng'ombe mmoja au wawili bandani, chini migombani, yakapandishwa hadi kituo cha kukusanyia kilicho barabarani. Chombo hushuka kitupu, hupanda na mzigo. Kupanda ndiko kunakomaliza betri, na umeme unaorudishwa na mota wakati wa kushuka ni haba, kwa kuwa chombo ni chepesi. Ongeza matope. Anayeuza chombo hicho na akijaribu mlimani, kimejaa madumu, wakati wa masika. Asitujaribie kwenye lami.

Hata hivyo, hofu yangu kubwa ni nyingine. Maziwa mabichi yanatakiwa kufika kwenye tangi la kupozea katika saa mbili au tatu baada ya kukamuliwa, yapozwe hadi nyuzi 4. Leo umeme ukikatika, tangi husimama, lakini pikipiki ya petroli huweza kukimbilia kituo kingine. Tukitegemea betri bila akiba, tangi na usafiri vitalala siku moja.

Na kituoni hakuna huruma. Mpokeaji huchanganya maziwa na spiriti, yakiganda, yanakataliwa. Nimemwona mama mmoja akirudishiwa ndoo yake imejaa. Yeye alikamua mapema. Kilichochelewa ni usafiri. Hasara ilikuwa yake peke yake.

Wengine watasema sasa tuna Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Ni kweli, na tunajivunia. Lakini tawi likiangukia waya kijijini, megawati za Rufiji hazimfikii mama huyo.

Siyapingi maendeleo. Nasema kituo kwanza kiwe na umeme wa akiba, wa jua au wa jenereta. Pili, betri ya kubadilisha iwepo, imejaa. Tatu, mkataba useme wazi nani atalipa maziwa yakiharibikia njiani. Ng'ombe hana swichi. Atakamuliwa asubuhi na jioni, umeme uwepo usiwepo.

Hadi juma lijalo, kwaherini.