Takataka Zenye Sumu Katika Vibanja

Jioni hii twataka kusema habari za takataka. Hatusemi habari za maganda ya ndizi wala majani makavu, maana kazi yake mwaijua kuliko sisi.

Udongo wa Buhaya kwa asili yake ni dhaifu. Mvua ya mji wa Bukoba kwa mwaka hufika karibu milimita 2,000, nayo huosha rutuba na kuuacha udongo na uchachu. Atakaye kuona na aitazame rweya: hapana ila nyasi. Lakini hatua chache tu kando yake kibanja kimejaa migomba, mibuni na maharagwe. Tofauti hiyo ni kazi ya mikono ya watu. Wazee walikata nyasi za rweya wakazitandaza chini ya migomba, wakatia samadi ya ng'ombe, na kila kilichofagiwa nyumbani kikatupwa shinani. Desturi hiyo ni njema sana, wala hatuji kuiondoa. Lakini vitu vifagiwavyo leo sivyo vile walivyofagia babu zetu.

Leo pamoja na maganda hutoka mawe ya tochi na ya redio yaliyokwisha nguvu. Jiwe hilo kwa nje ni kopo la bati, na ndani mna madini na maji makali. Likikaa udongoni huoza, na vilivyomo vikatoka. Na katika udongo wenye uchachu madini mengi huyeyuka upesi zaidi kuliko katika udongo mwingine. Yaani mvua ile ile na udongo ule ule viliomfanya mzee atie samadi, ndivyo vinavyoifungulia sumu mlango.

Betri kubwa, za gari au za taa za jua, ni hatari zaidi, kwa sababu ndani yake mna risasi, na maji yake ni tindikali iunguzayo ngozi na macho. Mtu asiivunje betri nyumbani, hata akitaka risasi ya kuzamishia nyavu. Vumbi na moshi wake huingia mwilini bila maumivu, na mtoto mdogo huathirika kuliko mtu mzima: damu yake hupungua, na akili yake huwa nzito darasani, mwalimu akadhani ni mvivu. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifunguliwa mwaka 2007 karibu na nyumba za watu, kikafungwa mwaka 2014 baada ya wakaaji kuugua. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Lakini fedha haiitoi risasi katika mifupa ya mtoto.

Tena kuna chupa za dawa ya kunyunyizia mimea. Jambo hili latusikitisha kuliko yote, maana chupa ni kitu kizuri, yenye kifuniko imara, na mwenye nyumba huona hasara kuitupa. Basi huioshwa, ikatiwa mafuta ya taa, au maziwa, au hata rubisi. Ndugu zetu, chupa hiyo haitakati kwa chakula, hata ioshwe mara kumi. Dawa ikiisha, tieni maji robo ya chupa, fungeni, tikiseni vizuri, kisha mimineni maji hayo ndani ya bomba la kunyunyizia, yaende shambani pamoja na dawa. Fanyeni hivyo mara tatu. Halafu itoboeni chini, isipate tena kutiwa kitu.

Wengine watasema, basi tutupe chooni. Maji ya chooni hushuka chini, na chemchemi iko bondeni. Tutupe mtoni? Mto Kanoni wapita katikati ya mji wa Bukoba na kuingia Ziwani, na watu wa Bumbire na Ikuza hunywa maji ya Ziwa lile lile wanalovua dagaa. Wala msichome: jiwe la tochi hupasuka motoni, na moshi wa chupa ya sumu ni sumu.

Lililo bora ni debe kavu lenye kifuniko, liwekwe juu mahali mtoto asipofika, mbali na jiko na chakula. Betri kubwa irudishwe nzima, na maji yake ndani, kwa muuzaji anayezipokea. Vitu vingine vikusanywe na nyumba kadhaa pamoja, kisha mwenyekiti wa kitongoji apeleke habari kwa halmashauri, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeiwekea kazi ya taka. Twajua gari la taka halifiki kila kijiji, hasa visiwani. Hata hivyo madebe ishirini yaliyowekwa pamoja husikiwa ofisini kuliko debe moja, na sumu iliyomo debeni hungoja bila kumdhuru mtu.

Nanyi wanafunzi, msiokote vitu hivi kwa mikono mitupu. Kazi yenu na iwe kuandika juu ya debe la nyumbani neno SUMU kwa herufi kubwa, na kuchora fuvu la kichwa chini yake, ili bibi asiyejua kusoma naye afahamu.