Gari Letu Linasema, Tulisikilize

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kufika.)



Gari letu la ushirika hubeba mazao na mbolea, na usiku wa dharura hubeba mgonjwa. Ni mali yetu sote. Kwa hiyo kulitazama si kazi ya dereva na utingo peke yao. Dalili ya mvua ni mawingu, na breki nazo mara nyingi hutoa dalili kabla ya kukatika. Kazi yetu ni kuziona mapema.

KWANZA, TUTAZAME CHINI. Jioni gari likishaegeshwa, tutandike boksi la karatasi chini yake. Asubuhi tusome matone:

1. Meusi au ya kahawia, mazito: oili ya injini.
2. Ya kijani au mekundu, mepesi, yenye harufu tamutamu: maji ya rejeta yenye dawa. Watoto na mifugo wasiyaguse, ni sumu.
3. Ya rangi ya chai isiyo na maziwa, mepesi, yanateleza, yapo karibu na gurudumu au chini ya pedeli: mafuta ya breki. Hapo gari lisiondoke!

PILI, TUPIME. Injini ikiwa imezimwa na gari liko tambarare, dereva achomoe kijiti cha oili. Oili ikionekana kama chai ya maziwa, huenda maji yameingia ndani ya injini. Aitwe fundi. Na rejeta ikiwa ya moto isifunguliwe kabisa, itamrukia mtu usoni.

TATU, TUSIKIE BREKI. Pedeli ikizama chini kuliko kawaida, au mpaka dereva aikanyage mara mbili tatu ndipo ishike, kuna hewa au mafuta yanavuja. Ikilia kwa sauti kali, pedi zinakwisha. Ikikwaruza, basi chuma kinasaga chuma. Gari likivutwa upande mmoja wakati wa kufunga breki, upande mmoja haushiki sawasawa. Na harufu ya kuungua baada ya mteremko maana yake breki zimepata moto: gari lisimame, zipoe.

Sasa jamani, liko jambo la hatari. Mafuta ya breki yakipungua, wapo watu huongeza maji au oili ya injini ili safari isiharibike. Hii siyo akili. Oili ya injini huharibu mipira ya breki. Maji nayo huchemka kwenye nyuzi 100 tu, wakati mafuta mapya ya breki hayachemki kabla ya nyuzi 205. Yakichemka huwa mvuke, na mvuke hauna nguvu ya kusukuma breki. Hata mafuta yenyewe hunywa unyevu wa hewa polepole, ndiyo sababu ni vizuri kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili hivi. Na kuongeza tu bila kutafuta yanakopotelea ni kuficha ugonjwa.

Tena kuna ile tabia ya kuteremka gea ikiwa huru ili kubana mafuta. Mateka machache ya mafuta hayalingani na roho za watu. Kwenye mteremko kama wa Kitonga au Sekenke, dereva mwenye busara huingiza gea ndogo toka juu, injini isaidie kulizuia gari.

Ndugu zangu, tumekubaliana hivi: mwanachama yeyote, awe mzee au kijana, mwanamke au mwanamume, akiona tone au akisikia mlio, aseme hapo hapo. Dereva akisema breki hazifai, asishurutishwe hata kama magunia yamekwisha kupakiwa na mnunuzi anangoja. Asiitwe mwoga. Magunia yatangoja kesho. Mtu akipotea harudi.

BREKI KWANZA, MZIGO BAADAYE!