CHAKULA, VIDONGE NA SARATANI YA TEZI DUME
(Maandishi ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Saratani ya tezi dume ni miongoni mwa saratani zinazowapata zaidi wanaume nchini Tanzania. Kwa kuwa inahusu sehemu za siri, wazee wengi huificha, huku wakisikiliza kwa hamu kila habari ya chakula au kidonge kinachodaiwa kuizuia. Makusudio ya mazungumzo haya ni kubainisha lililothibitika na lisilothibitika.

Mfano uchukuliwe Masasi na Newala, mkoani Mtwara, ambako wakaazi wa Unguja wenye asili ya Kimakonde wana jamaa zao. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na Masasi iko chini yake, upande wa magharibi. Huko huliwa muhogo, mtama, mbaazi, kunde, njugumawe na kisamvu, na korosho ndiyo zao kuu la biashara. Korosho ina madini ya seleniamu, na karanga ina vitamini E. Vitu viwili ambavyo katika miaka ya 1990 vilidhaniwa kuikinga tezi dume.

Dhana hiyo ilikuwa na msingi. Mwaka 1998, matokeo ya utafiti wa wavuta sigara nchini Ufini yalionesha kuwa waliopewa vitamini E walipata saratani hiyo kwa uchache zaidi. Ndipo mwaka 2001 ukaanza utafiti wa wanaume zaidi ya 35,000 katika Marekani, Kanada na Puerto Rico. Baadhi walipewa seleniamu, wengine vitamini E, wengine vyote viwili, na wengine vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2008 vidonge vilisimamishwa, kwani faida haikuonekana. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani hiyo kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kilichotarajiwa kuwa kinga kikawa ni madhara.

Haya hayana maana kwamba korosho, karanga au mbaazi ziachwe. Hivyo ni vyakula vyema kwa mwili, na kiasi kinacholiwa sahanini si sawa na kile kilichokusanywa katika kidonge. Kinachopaswa kuepukwa zaidi ni unene wa kupita kiasi, ambao unahusishwa na saratani hiyo inapofikia hali mbaya.

Hatari kubwa ni kupoteza muda. Mwanzoni saratani hii aghalabu haina dalili. Baadaye mkojo unaweza kutoka kwa shida au kwa damu, na mifupa ikauma. Shida ya mkojo si lazima iwe saratani, lakini ni daktari ndiye wa kuipambanua. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Kwa hiyo, wanaume waliofikia umri wa miaka 50, na mapema zaidi wale ambao baba au ndugu zao waliugua, wanashauriwa kumwona daktari: Unguja katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Masasi katika Hospitali ya Mkomaindo au ya Ndanda. Wakuu wa idara wanaombwa kuwapa ruhusa watumishi wao, na Masheha wanaombwa kuwasomea wananchi maandishi haya.