Mlango wa Mswada Uko Kwa Kamati
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Katika kikundi kimoja tuliuliza: kazi ya mbunge ni nini? Mzee mmoja akajibu haraka, "Kutuletea mabati!" Tukacheka sote. Lakini kicheko hicho kilituuma, kwa sababu hata sisi tunaowatembelea tumezoea kumpima mheshimiwa kwa kiasi anachotoa siku ya harambee.

Katiba ya 2010 inasema vingine. Mbunge ni wa kutunga sheria, kusema kwa niaba yetu, na kuchunga jinsi pesa za serikali zinavyotumika. Bunge lina sehemu mbili. Bunge la Taifa lina wajumbe 349 bila kumhesabu Spika: 290 wa maeneo ya uchaguzi, akina mama 47 wa kaunti, na 12 wa kuteuliwa. Seneti ina 67 bila Spika, nayo inalinda haki za kaunti.

Sheria haianguki kutoka juu. Inaanza kama mswada. Mswada unachapishwa, unasomwa mara ya kwanza, halafu unapelekwa kwa kamati. Hapo ndipo mlango wetu ulipo! Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi, kwa hivyo kamati inatangaza gazetini kwamba inapokea maoni. Baadaye unasomwa mara ya pili, unapitiwa kipengele kwa kipengele, unasomwa mara ya tatu na kupitishwa. Unaohusu kaunti hupita Seneti pia. Mwisho Rais ana siku 14 kuweka sahihi au kuurudisha.

Je, maoni yanasaidia? Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kodi ya asilimia 16 juu ya mkate. Watu walilalamika sana, na tarehe 18 Juni ikatangazwa kwamba kodi hiyo imeondolewa. Mengine mengi yalibaki. Tarehe 25 Juni wabunge 195 walikubali, 106 wakakataa. Siku hiyo hiyo vijana waliuawa nje ya Bunge. Kesho yake Rais akasema hataweka sahihi. Hatuwalaumu waliotoka barabarani. Tunasema tu kwamba sauti zetu za vijijini zingefika mapema, zingewaongezea nguvu.

Nasi tulikosa. Tangazo moja la kamati lilitufikia, tukaliweka kwenye faili mpaka siku zikapita. Ndipo tukaanza kunung'unika.

Basi tufanye hivi. Kila kikundi kichague mtu mmoja wa kufuata matangazo ya redio na magazeti. Mkutanoni atueleze mswada kwa lugha yetu. Kisha tuandike ukurasa mmoja tu: kipengele gani, kinatuumiza vipi, tunataka kibadilishwe namna gani. Tutie sahihi, tutume kabla ya siku ya mwisho. Na kama sheria imeshapita, Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge liibadilishe au liifute.

Mheshimiwa akija harambee, tumshukuru, halafu tumwulize: ulipiga kura gani, na kwa nini? Mabati tunaweza kununua kwa akiba ya kikundi. Lakini sheria hatuwezi kujitungia wenyewe. Hiyo ndiyo kazi tuliyomtuma.