Mto Haufungwi kwa Kelele
(Mazungumzo na ndugu wanachama wa Kyela juu ya kazi ya mainjinia)



Hatukuja kuwaomba mpige makofi. Tumekuja kuzungumza juu ya mainjinia, na namna wanavyoikabili shida mpaka ikapata dawa. Huenda mtu akauliza, "Sisi wakulima wa mpunga na kokoa, hayo yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Kila masika mito inapofurika, sisi ndio wa kwanza kupiga kelele: "Serikali ijenge tuta!" Tuta huenda likafaa, huenda lisifae. Lakini tumekwisha kutaja dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Injinia hafanyi hivyo.

Jambo lake la kwanza ni kuuliza: shida ni nini hasa? Tuchukue mto Songwe. Mto huu ni mpaka wetu na ndugu zetu wa Malawi, na huku bondeni hauna makao. Maji yakijaa, huuacha mkondo wake na kuchimba mwingine. Mtu hulala shamba lake likiwa upande huu, akaamka likiwa ng'ambo. Basi serikali zetu mbili zikajiuliza: tuutulize vipi mto huu katika mkondo mmoja?

Jambo la pili ni kutafuta chanzo. Ukisimama darajani Kasumulu, utaona maji tu. Ukiufuata mto kwenda juu, utaiona sababu. Songwe huanza katika nyanda za juu zinazopita mita 2,000, na ziwa letu liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari. Kwenye miteremko maji hukimbia kwa nguvu na kubeba udongo. Yakifika tambarare ya Kyela hupunguza mwendo na kuutua mzigo. Mkondo hujaa mchanga, na mto hutafuta njia nyingine. Kumbe mto hauhami kwa ukorofi. Unahama kwa kuelemewa.

Kwa hivyo uchunguzi wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba kuimarisha kingo za huku chini peke yake hakutoshi. Maji yatiishwe huko juu, kwa mabwawa matatu. Na bwawa likizuia mafuriko, laweza pia kutoa umeme na kumwagilia mashamba. Swali la kingo likapata jibu milimani.

Chanzo huweza kuwa mbali zaidi ya hapo. Kati ya mwaka 1915 na 1935 mchanga uliuziba mto Shire, huko mwisho wa kusini, ambako maji ya ziwa hutokea. Ziwa likapanda kwa mita kadhaa. Mtu wa Mwaya aliyeyaona maji yakiusogelea mji wake angetafuta sababu mpaka achoke, asiione, maana ilikuwa zaidi ya kilomita 500 kutoka kwake.

Jambo la tatu ni kupima. "Maji mengi" si kipimo. Mengi kiasi gani? Yalifika wapi, siku gani? Tuta lililo fupi kuliko mafuriko makubwa ni baya kuliko kukosa tuta, maana watu huliamini, wakajenga nyuma yake, kisha maji yakapita juu usiku wamelala. Hapa mzee anayekumbuka maji yaliishia kwenye mti gani ana elimu anayoihitaji injinia. Na ule ubao wenye namba uliosimamishwa mtoni si kuni. Anayeung'oa anaichana daftari yetu sote.

Jambo la nne ni kulinganisha njia, kwa kuwa kila dawa ina gharama na ina taabu yake. Tukijenga tuta upande wetu peke yetu, tutamsukumia maji jirani, naye atajenga lake atusukumie sisi. Ndiyo sababu Tanzania na Malawi zilitia sahihi mkataba wa bonde la Songwe mwaka 2017, na ofisi ya kamisheni ya pamoja ikawekwa hapa Kyela. Bwawa nalo hujaa udongo ikiwa milima ya Ileje na Mbozi itaachwa uchi. Mche mmoja unaopandwa huko juu unalinda mpunga wa huku.

Jambo la tano ni matunzo. Kazi ya injinia haiishi siku ya kukata utepe. Tazameni bandari yetu ya Itungi: mchanga uliingia mpaka meli zikalazimika kutumia bandari ya Kiwira. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ndugu zangu, hata kufika mwaka 2024 mabwawa ya Songwe yalikuwa hayajajengwa, na masika hayamngoji mtu. Basi yatupasa kuanza na yaliyo mikononi mwetu. Tuyaache matete ya ukingoni yaishike ardhi. Tusilime mpaka mdomoni mwa mto. Tuzibue mifereji kabla ya mvua. Kila kijiji kiweke alama ya maji yalipofika, na tarehe yake iandikwe.

Halafu twende mkutanoni. Tusiseme tu, "Tunataka tuta." Tuseme, "Maji yalifika hapa, kimo hiki, siku hii, yakitokea kule; tunataka dawa." Kiongozi aweza kuzikwepa kelele zetu, lakini vipimo vyetu itampasa avijibu.