Nguo ya Mtoto na Mfuko wa Mzazi

Mazungumzo na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo





Huenda baadhi yenu mkashangaa kwamba Tume ya Haki na Amani, ambayo mmezoea kuisikia ikinena juu ya ardhi, mahakama na uchaguzi, leo yataka kunena juu ya magauni ya watoto. Lakini ayachunguzaye madeni ya kaya zetu ataona kwamba mengi huanza mwezi Januari, shule zifunguliwapo, au majuma machache kabla ya Komunyo ya Kwanza. Tangu Januari 2016 shule za serikali, kuanzia msingi hadi kidato cha nne, hazitozi ada. Sare, viatu na sweta vimebaki juu ya mzazi. Mama asiye na akiba huwaendea wale wakopeshaji ambao watu wamewaita kausha damu, akapeleka marejesho kila siku, na gauni la asubuhi moja akalilipia kwa miezi. Mkate wa watoto ndio unaolipa deni hilo. Ndiyo sababu jambo hili limefika kwetu.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Azaliwapo huwa na urefu wa sentimita 50 hivi. Atimizapo mwaka mmoja hukaribia 75, na uzito wake huwa umeongezeka mara tatu. Baadaye mwendo hupungua, ingawa hadi kukaribia kubalehe huendelea kuongeza sentimita tano au sita kila mwaka. Maana yake ni kwamba nguo ya mtoto mchanga humwacha kabla haijachakaa. Tunasoma katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli jinsi Hana alivyokuwa akimtengenezea mwanawe vazi jipya kila mwaka, na kila mzazi aelewa kwa nini. Hana alijaliwa baadaye watoto wengine watano, nami sidhani kama mavazi yale ya zamani yalitupwa.

Sisi tunayo mitumba. Wazee waliiita kafa Ulaya, kwa kudhani ni nguo za wazungu waliokufa, na biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980 marobota yakafurika nchini. Najua wako wanaosema kwamba mitumba iliviua viwanda vyetu vya nguo. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ikapandisha ushuru, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafasi ya kupeleka nguo zake huko bila ushuru. Nchi nyingine zilikwisha kurudi nyuma. Hayo ni mambo ya mataifa na ya wenye viwanda. Mimi sioni haki yoyote katika kumtwisha mama mwenye watoto wanne mzigo ambao serikali zilishindwa kuubeba.

Basi anunuaye mitumba na anunue kwa akili. Robota huwa na kilo 45 hivi, na mchuuzi hulinunua likiwa limefungwa, asijue limebeba nini. Siku ya kulifungua bei huwa juu, kwa kuwa ndipo walipo wateja wa kuchagua. Zilizobaki hushuka siku baada ya siku hata zikafika kwenye fungu. Atafutaye koti zuri la mtoto aende siku ya kwanza. Atafutaye nguo za kuchezea nyumbani angoje fungu. Nguo iinuliwe juu kuelekea mwanga ili matundu yaonekane. Zipu ivutwe mara mbili. Suruali ya mvulana itazamwe magotini, maana hapo ndipo wavulana wote humalizia suruali zao. Upindo mpana ni akiba, kwa sababu fundi cherehani ataweza kuushusha mwaka ujao. Kofia ya koti la mtoto mdogo ikiwa na kamba ya shingoni, kamba itolewe isije ikamnyonga, na vifungo vilivyolegea vishonwe upya kabla hajavimeza. Nguo zote zifuliwe kwa maji ya moto, zianikwe juani na kupigwa pasi kabla ya kuvaliwa. Nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku na Shirika la Viwango, na katika hizo tusitafute unafuu.

Neno moja kwa ajili ya mchuuzi. Naye ana watoto wa kuvisha. Soko la Karume pale Dar es Salaam lilipoungua Januari 2022, watu walipoteza mtaji wote kwa usiku mmoja. Kupatana bei ni desturi yetu, lakini kumkalia mtu jioni, ukijua kwamba hajauza kitu tangu asubuhi, mpaka akuachie kwa hasara, si ujanja wa kujivunia.

Hata hivyo mitumba haiwezi kutupatia kila kitu. Hakuna robota litokalo Ulaya likiwa na sweta yenye nembo ya shule ya kata yetu. Wala magauni ya Komunyo hayapatikani humo kwa urahisi wakati yanapohitajika. Vitu hivyo vimo ndani ya masanduku yetu wenyewe. Ndiyo maana tunapendekeza kila parokia iwe na kabati la mali kauli.

Wafanyabiashara waijua mali kauli: mwenye mali huiacha kwa muuzaji, na hulipwa ikishauzwa. Mzazi ataleta nguo iliyo safi, na nzima. Akina mama wa WAWATA wataandika katika daftari jina lake, nguo na bei waliyopatana. Tuseme sweta imeuzwa kwa shilingi 5,000: aliyeileta apewe 3,500, na 1,500 ziingie katika mfuko wa kumvisha mtoto ambaye kwao hata hiyo 5,000 haipo. Nguo isiyouzwa kwa miezi mitatu irudi kwa mwenyewe, au aiachie kabati kwa hiari. Iliyochanika isipokelewe. Kwa muda mrefu tumemletea maskini vile tulivyoona haya kuvivaa sisi, tukaviita sadaka. Afadhali vitumike kudekia.

Yako malipo, nayo yapo kwa makusudi. Mama anayenunua sweta kwa fedha yake, ijapokuwa ni kidogo, huondoka kama mnunuzi, hana wa kumwinamia. Na yule aliyeileta hupata sehemu ya kuanzia sare ya mwaka unaofuata.

Iko hofu iliyonifikia kutoka kwenye vigango, nayo ina msingi. Watoto hutambuana nguo. Binti akivaa gauni lililokuwa la jirani yake, atasikia kwenye foleni ya maji, “Hilo lilikuwa langu,” na siku hiyo hatataka kulivaa tena. Kwa magauni, basi, vigango vibadilishane: yaliyoletwa kigango kimoja yauzwe katika kigango kingine. Sweta za sare hufanana, hazina shida hiyo. Daftari nalo lisisomwe hadharani hata siku moja, wala majina ya waliosaidiwa na mfuko yasitajwe kwenye matangazo ya Misa.

Sasa mintarafu Komunyo ya Kwanza. Kanuni ya 913 ya Sheria za Kanisa yadai mtoto awe na ujuzi wa kutosha na maandalizi mema. Juu ya rangi ya gauni, shela, glavu na viatu vyeupe haisemi neno. Vazi jeupe ni desturi nzuri, nami naipenda. Lakini ikiwa mtoto aliyefundishwa miaka miwili anafichwa nyumbani siku ile kwa sababu mama hakupata fedha ya shela, desturi imemzuia yule ambaye Kanisa limemwita. Naomba Halmashauri iamue, kabla ya mafundisho ya mwaka huu kwisha, kwamba mavazi yawe ya namna moja na sahili, yashonwe na mafundi wa hapa hapa, na kila aliyekwisha komunika aweze kulileta vazi lake kabatini. Gauni moja laweza kuvaliwa na mabinti watano kwa miaka mitano likiwa bado jeupe. Fundi cherehani hatapoteza: atakuwa na kazi ya kupunguza, kushusha na kukaza kila mwaka.

Wakatekista wasiwaambie wazazi habari ya rangi na mitindo kabla uamuzi huo haujatolewa, kwa maana mama akisikia mapema hukopa mapema. Ufunguo wa kabati ukae kwa mtu mmoja na daftari kwa mwingine, na hesabu ziletwe mbele ya Halmashauri kila miezi mitatu. Nakala ya ukurasa wa mfano wa daftari iko kwa katibu. Kila jumuiya ichukue moja kabla ya kuondoka.